Uraka Nao Ni Pombe: Vileo na Tumbaku katika Nyumba ya Mjamzito

Mwezi wa Oktoba unapoelekea kwisha, hewa ya vijiji vya Mandawa, wilayani Ruangwa, hubadilika harufu. Chini ya kila mkorosho yametapakaa mabibo mekundu na ya manjano, mengine yamepasuka na kuzungukwa na nyuki. Korosho huchomolewa, ikaanikwa na kupelekwa chama cha msingi kusubiri mnada wa RUNALI, chama kikuu kinachobeba katika jina lake wilaya tatu za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Bibo halina mnada. Hubaki mikononi mwa wenye shamba, na mara nyingi kina mama ndio hulikamua na kuweka maji yake kwenye ndoo. Maji hayo hayahitaji hamira wala moto. Chachu imo katika ganda la tunda lenyewe. Kwa joto la Lindi, yaliyokamuliwa asubuhi huwa yameanza kuwa uraka kabla ya jua kuzama. Yakiachwa yachachuke zaidi, yakachemshwa na mvuke wake kupozwa katika bomba, hutoka nipa, ambayo ni gongo ya mabibo.

Miezi mitatu baadaye mabibo yamekwisha, mvua zimeshika, na kliniki za wajawazito zinapokea wageni wapya. Chukua mfano wa mama mwenye umri wa miaka 23, mimba yake ya pili, anayefika kliniki kwa mara ya kwanza katikati ya Januari. Hedhi yake ya mwisho aliiona katikati ya Septemba. Muuguzi, aliyekwisha kuhudumia foleni ndefu tangu asubuhi, anamwandikia kadi, anampima uzito na shinikizo la damu, kisha anauliza yale yaliyozoeleka.

"Mama, unakunywa pombe?"

"Hapana, nesi."

"Sigara je?"

"Sivuti."

Maswali yanaishia hapo, na mama anapelekwa maabara. Wala hajasema uongo. Uraka ambao amekuwa akiukamua na kuuonja kila jioni tangu Oktoba, kwa anavyoujua yeye, si pombe bali maji ya mabibo. Pombe ni ile ya chupa au ile inayochemshwa. Ugoro anaouweka chini ya mdomo tangu kichefuchefu kilipoanza si sigara. Na moshi wa sigara anazovuta mumewe chumbani usiku ni wa mumewe. Hakuulizwa habari zake. Kadi imejazwa sawasawa na bado haijasema kitu.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila mhudumu wa afya aliyefanya kazi katika ukanda wa korosho atautambua. Tatizo lake halianzii kwa mama. Linaanzia kwenye swali lililoulizwa kwa maneno ya mjini, kwa mtu mmoja, kuhusu jambo ambalo katika nyumba yake lina majina mengine na watumiaji wawili.

Kina mama wa Tanzania wanaovuta sigara ni wachache sana wakilinganishwa na wanaume. Tafiti za kitaifa za kaya zimeonyesha hivyo mara kwa mara. Anayeangalia takwimu hizo peke yake anaweza kudhani kwamba tumbaku na ujauzito ni mambo ya Ulaya. Kuhusu pombe hali ni tofauti hata katika takwimu: utafiti uliofanywa kwa wajawazito waliohudhuria kliniki mkoani Dodoma na kuchapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba zaidi ya mmoja kati ya kila kumi alikuwa akinywa pombe katika mimba aliyokuwa nayo. Hao ni wale waliokubali kusema, na waliouelewa unywaji kama alivyouelewa muulizaji.

Wiki sita za msimu

Rudi kwenye tarehe za mama yule. Ikiwa hedhi yake ya mwisho ilikuwa katikati ya Septemba, mimba ilitunga mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Tangu wiki ya tatu hadi ya nane baada ya kutunga, moyo, uti wa mgongo, macho, mikono, miguu na umbo la uso wa mtoto hujengwa. Kwa mama huyu wiki hizo ziliangukia kati ya katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Novemba, yaani kilele cha mabibo na pia cha malipo ya korosho. Sehemu kubwa ya wakati huo hakujua kwa hakika kuwa ni mjamzito. Alipofika kliniki Januari, ujenzi wa awali ulikuwa umekwisha kupita pasipo mtu wa afya kumwambia neno lolote.

Kileo hupita kwenye kondo la nyuma bila kuzuiwa. Mama anapokunywa, kiwango cha kileo katika damu ya mtoto hukaribia kile cha mama katika muda mfupi, lakini ini la mtoto bado ni changa mno kukivunjavunja kama lifanyavyo ini la mtu mzima. Sehemu ya kileo hicho huingia katika maji yanayomzunguka mtoto, naye huyameza tena. Kwa hiyo mama anaweza kuwa ameamka bila dalili yoyote ya ulevi huku mtoto akiwa bado anaoga katika kile kilichonywewa jana.

Ubongo ndio unaoumia zaidi, nao haujengwi katika wiki sita tu. Hukua katika kipindi chote cha miezi tisa, na ndiyo sababu hakuna mwezi wa ujauzito unaoweza kuitwa salama kwa pombe. Daktari Paul Lemoine na wenzake wa Nantes, Ufaransa, waliandika mwaka 1968 juu ya watoto 127 wa wazazi walevi waliofanana kwa namna ya kushangaza: wadogo wa umbo, wenye sura ya aina moja, wazito wa kujifunza. Makala yao haikupata wasomaji wengi. Mwaka 1973 madaktari wa Seattle, Marekani, waliona jambo lile lile bila kujua kazi ya Wafaransa, wakalipa jina ambalo tiba inalitumia hadi leo. Macho ya mtoto huwa na mpasuo mfupi, mdomo wa juu huwa mwembamba, na kile kijibonde kati ya pua na mdomo hufutika.

Watoto wenye sura hiyo kamili ni sehemu ndogo tu ya walioathirika. Wengi huzaliwa na uso wa kawaida. Athari hujitokeza darasa la pili au la tatu, pale mtoto anaposhindwa kukumbuka alichofundishwa jana, hawezi kutulia, hajifunzi kutokana na adhabu, na hesabu hazimwingii kabisa. Mwalimu humwita mtukutu, ndugu hudhani amerogwa, na fimbo huongezwa. Hakuna anayekumbuka ndoo ya uraka ya miaka tisa iliyopita.

Kusini mwa Afrika kuna fundisho lililo karibu na mazingira ya Mandawa kuliko la Nantes. Katika mashamba ya mizabibu ya jimbo la Western Cape, wenye mashamba walikuwa na desturi ya kuwalipa vibarua sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Desturi ilipigwa marufuku, lakini unywaji ulikuwa umekwisha kuota mizizi, na jimbo hilo limeendelea kuwa miongoni mwa sehemu zenye watoto wengi zaidi duniani walioathiriwa na pombe wakiwa tumboni. Mandawa hakuna anayelipwa kwa uraka. Lakini pombe inapokuwa zao la pili la shamba, isiyonunuliwa dukani wala kuhesabiwa, jamii huacha kuiona.

Je, uraka una nguvu kiasi gani? Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kileo halisi. Hesabu hiyo inawezekana kwa sababu kiwanda kimeandika namba kwenye lebo. Uraka hauna lebo. Uliokamuliwa saa 2 asubuhi si ule ule saa 12 jioni, na wa siku ya pili ni kitu kingine tena, maana chachu haisimami kufanya kazi kwa kuwa ndoo imefunikwa. Kopo la mtu mmoja si sawa na kopo la jirani yake. Ushauri wa "kunywa kidogo tu" hauna maana mahali ambapo kidogo hakipimiki. Na hata kingepimika, hakuna kiwango cha pombe kilichothibitishwa kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni.

Nipa ni hatari zaidi. Si tu kwamba kileo chake ni kikali. Matunda yenye utomvu mwingi wa pektini hutoa pia methanoli, sumu inayoweza kupofusha na kuua, na ulimi hauwezi kuitofautisha na kileo cha kawaida. Mama anayepika nipa, hata asipoonja, hukaa saa nyingi juu ya moshi wa kuni. Serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba mwezi Machi 2017, ilifunga njia moja ya pombe kali na ya bei nafuu kuwafikia vijana na kina mama vijijini. Nipa haikuwahi kuuzwa kwenye viroba vile, na ingawa gongo ni haramu kisheria, msimu wa mabibo haukusoma tangazo.

Ugoro na moshi wa chumbani

Tumbaku hubana mishipa ya damu. Nikotini ifanyavyo hivyo katika kondo la nyuma, damu inayompelekea mtoto chakula na oksijeni hupungua. Anayevuta, au kukaa karibu na anayevuta, huingiza pia hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, ambayo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Chembe iliyoshikwa na hewa hiyo huzunguka mwilini kama gari lililojaa mizigo isiyohitajika. Matokeo yanajulikana vizuri: mtoto mwenye uzito pungufu, mtoto njiti, kondo kubanduka kabla ya wakati, mtoto kufia tumboni, na kifo cha ghafla cha kichanga usingizini.

Kwa mama anayevuta mwenyewe, uzito wa mtoto hupungua kwa wastani wa gramu 150 hadi 250. Kwa mama anayevuta moshi wa mwenzake upungufu ni mdogo zaidi, lakini upo. Gramu hizo zinaweza kuonekana chache kwa mtoto ambaye angezaliwa na kilo tatu na nusu. Mandawa iko katika ukanda wa malaria. Vijidudu vya malaria hujificha katika kondo la nyuma na kulidhoofisha, upungufu wa damu ni wa kawaida kwa wajawazito, na wengi hulima hadi wiki za mwisho. Mtoto aliyekwisha kupunguzwa na malaria na upungufu wa damu hadi gramu 2,600 hana gramu 200 za kumpa mtu. Akizipoteza, ameshuka chini ya 2,500 na kuingia katika kundi la watoto wanaopoteza joto haraka, wanaoshindwa kunyonya na wanaokufa kwa wepesi zaidi katika mwezi wa kwanza. Mama huyu anapewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kukinga malaria, na usiku anavuta moshi unaopunguza faida ya vyote viwili.

Ugoro unahitaji maneno yake wenyewe, kwa sababu kliniki hausemwi. Wanaoutumia huunusa au kuuweka chini ya mdomo. Wengine huusifu kwa jino linalouma, kwa baridi, kwa usingizi wa shambani, na kwa kichefuchefu cha mimba changa. Kwa kuwa hauna moshi, hudhaniwa kuwa hauna madhara. Kweli hauna kaboni monoksaidi. Lakini nikotini yake huingia kwenye damu kupitia ufizi na hukaa humo kwa muda mrefu kuliko ile ya sigara moja. Tafiti za Uswidi na India, nchi ambazo tumbaku isiyo ya moshi hutumiwa na wanawake wengi, zimeihusisha na watoto njiti na watoto wanaozaliwa wakiwa wamekufa. Kichefuchefu cha miezi ya kwanza kina njia nyingine: kula kidogo kidogo mara nyingi, kutokaa na njaa asubuhi, kuepuka mafuta mengi, na kikizidi hadi mama hawezi kushika hata maji tumboni, kwenda kituoni siku hiyo hiyo.

Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, inayodhibiti uvutaji katika maeneo ya umma. Ni sheria nzuri. Chumba cha kulala si eneo la umma, na huko ndiko mjamzito hutumia saa nyingi zaidi karibu na mvutaji. Ikumbukwe kwamba kufungua dirisha hakutoshi. Chembe za moshi hubaki kwenye chandarua, kwenye kanga na kwenye ndevu. Baba anayetaka kuvuta na atoke nje, mbali na mlango, anawe mikono na kubadili shati kabla ya kulala kando ya mkewe. Hilo ni la kuanzia tu, wakati anajiandaa kuacha kabisa.

Baba hayumo kwenye kadi

Huduma za wajawazito nchini humtaka mama afike na mwenza wake, hasa katika hudhurio la kwanza, kwa ajili ya kipimo cha Virusi vya UKIMWI. Baba anayefika hupimwa, huambiwa majibu, kisha huachwa akae nje chini ya mwembe. Nafasi hiyo hupotea bure. Ni nadra kwa mwanamume mzima na mwenye afya kuwa mbele ya mhudumu wa afya akiwa tayari kusikiliza, na siku hiyo amekuja kwa ajili ya mtoto wake.

Yako mambo matatu ambayo baba hana budi kuyasikia, na la kwanza ni la mwili wake mwenyewe. Mbegu za kiume huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa. Sigara na ulevi wa kupindukia hupunguza idadi na mwendo wa mbegu hizo, na sigara huharibu hata vinasaba vilivyomo. Mwanamume anayepanga kupata mtoto baada ya mnada wa Oktoba aliyapanda maandalizi yake tangu Julai, wakati fedha za ufuta zilipokuwa mfukoni na pombe ya sherehe ikiwa mezani.

La pili ni kwamba mke huacha pombe kwa shida sana ikiwa mume haachi. Si suala la utii tu. Ndoo iko nyumbani, kopo linazungushwa, na mama anayekataa huulizwa kama anajiona bora kuliko wenzake. Baba akisema "nyumba hii haikamui uraka hadi mtoto azaliwe", mama amepewa sababu ambayo hahitaji kuitetea mbele ya mashoga. Kukataa peke yake ni kazi nzito kuliko wahudumu wengi wanavyodhani.

La tatu ni usiku wa uchungu. Mama yule wa Septemba anatarajiwa kujifungua karibu na mwisho wa Juni, wakati ambao ufuta unavunwa na kuuzwa. Uchungu ukianza saa 8 usiku, damu ikatoka kuliko kawaida, mtu lazima atafute bodaboda, ashike fedha, amshike mama njiani hadi kituoni, na akiambiwa kwamba inahitajika hospitali ya wilaya, aamue papo hapo. Mtu huyo akiwa amelala kwa nipa, maamuzi hayo hayafanyiki. Katika uzazi, saa mbili za kuchelewa kwa sababu ya kutokwa damu zinatosha kuleta msiba. Pombe ya baba haikugusa kondo la nyuma hata kidogo, na bado imemfikia mama. Hapo hata hayajasemwa mapigo, ambayo katika nyumba nyingi huongezeka pombe inapoongezeka, na tumbo la mjamzito halina ngao.

Kuuliza kwa majina yake

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 kuhusu huduma za wajawazito inataka kila mama aulizwe kuhusu pombe na tumbaku, za sasa na za zamani, mapema iwezekanavyo na katika kila hudhurio, na aulizwe pia kuhusu moshi wa wengine. Neno muhimu ni "kila hudhurio". Jibu la Januari si lazima liwe jibu la Machi, na mama humwamini muuguzi zaidi mara ya tatu kuliko mara ya kwanza.

Muuguzi wa Mandawa anaweza kulipanga swali lake hivi:

"Mama, msimu huu mlikamua mabibo nyumbani?"

"Tulikamua, nesi."

"Uraka wake uliuonja?"

"Kidogo, jioni tukitoka shamba."

"Kila jioni, au siku moja moja?"

Swali la kwanza halimshitaki mtu. Kila nyumba imekamua. La pili linafuata lenyewe. La tatu linatoa kiasi. Kisha ugoro kwa jina lake, kisha: "Baba anavuta? Anavutia wapi?" Dakika mbili zinatosha. Kinachotakiwa ni faragha, kwa maana hakuna mama atakayejibu hivyo kwenye benchi mbele ya wifi yake, na sauti isiyo ya hakimu. Mhudumu anayeguna au kutikisa kichwa baada ya jibu la kwanza ameshafunga mlango wa majibu yote yanayofuata.

Jibu likiwa ndiyo, lipo jambo la kusemwa kabla ya jingine lolote, kwa kuwa hofu hufanya madhara yake. Mama aliyekunywa kabla ya kujua kuwa ana mimba hajaua mtoto wake. Wengi waliokunywa kidogo huzaa watoto wazima. Hana sababu ya kuitoa mimba wala kuificha. Ubongo wa mtoto una miezi mitano zaidi ya kujengwa, na kila siku bila uraka na bila ugoro ni faida kwa ubongo huo. Kuacha mwezi wa tano kuna maana, na mwezi wa nane pia.

Kundi moja lisiambiwe liache leo nyumbani. Ni mama anayekunywa kila siku kwa wingi, ambaye mikono humtetemeka asubuhi hadi apate kopo la kwanza, au anayetoka jasho na kukosa usingizi akikosa pombe. Mwili wake umezoea, na kuikatiza ghafla kunaweza kumletea degedege katika siku mbili tatu za mwanzo, hatari kwake na kwa mtoto. Huyu hupewa rufaa hospitali, ambako ataachishwa chini ya uangalizi, atapewa dawa na vitamini ya thiamini. Apelekwe kama mgonjwa mwingine yeyote mwenye rufaa, bila kutangazwa.

Kliniki haiko peke yake. Katika jamii za kusini, Wayao miongoni mwao, mimba ya kwanza ina unyago wake, na anachoambiwa mwali na kungwi siku hiyo hukaa moyoni kuliko bango la ukutani. Kungwi aliyeelezwa vizuri anaweza kuongeza uraka na ugoro kwenye miiko ya mjamzito, na miiko huheshimiwa. Kwa Wamwera, ambao kwa jadi ukoo hufuata upande wa mama, mjomba ana sauti ambayo mkwe hawezi kuipuuza kirahisi. Na ipo hoja isiyohitaji mtaalamu: nyumba nyingi za Ruangwa ambazo baba huvuta na kunywa huacha vyote mchana kutwa katika mwezi wa Ramadhani, na wengine huacha kabisa mwezi mzima. Anayeweza siku 30 ana mahali pa kuanzia kuhesabu.

Baada ya kujifungua, mama huletewa ushauri mwingine wa zamani, kwamba pombe ya kienyeji huongeza maziwa. Haiongezi. Kileo huzuia homoni inayosukuma maziwa yatoke, na kiasi kilichomo katika damu ya mama humo humo huingia katika maziwa. Uji, maji ya kutosha na kumnyonyesha mtoto mara kwa mara, usiku na mchana, ndivyo vinavyoleta maziwa. Aliyekunywa licha ya hayo asubiri saa mbili hadi tatu kwa kila chupa ya bia au kiasi kinacholingana nayo kabla ya kunyonyesha. Na kitanda kiangaliwe. Kichanga kinacholala kati ya wazazi, mmoja wao akiwa amelewa au akiwa mvutaji, kimo katika hatari kubwa zaidi ya kufa usingizini, kwa kulaliwa au kwa kukosa hewa. Baba aliyekunywa usiku huo alale kwenye mkeka wake, upande mwingine wa chumba.